Sadallah Kondo, Aliyewapa Askari wa Mchezo Mgongo

Ndugu wafiwa, majirani na jamaa mliofika kutoka Mbwera, Chumbi na hapa Kibiti, familia imemteua Hashimu Kondo, kaka wa marehemu, awasomee maisha ya mdogo wake, naye ameyaandika kwa mkono wake, pamoja na sehemu moja ambayo wazee walimshauri aiache.

Marehemu Sadallah Gharibu Kondo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1991 kijijini Mbwera, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Gharibu Kondo na Bi Mwamini, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi 2005, sekondari Utete hadi 2009, na mwaka 2012 akapata cheti cha kompyuta Dar es Salaam. Mwaka 2013 alifungua na Hashimu duka la kutengeneza simu hapa Kibiti, na tarehe 9 Aprili 2016 akamuoa Yasmin Shaabani wa Chumbi, wakajaaliwa watoto wawili, Sihaba na Mussa.

Mwaka 2019 ndugu hawa walianza kutengeneza mchezo wa vita wa kwenye simu, ambao wachezaji wawili husogeza askari wao kwa zamu juu ya uwanja wa miraba, lakini askari apigwe mbele, ubavuni au nyuma, pigo lilikuwa lilelile, kwa hiyo kila vita iliishia safu mbili kutwangana mpaka mwenye wengi ashinde. Sadallah, aliyekua akitoa kaa mashimoni huko mikokoni, akasema kaa hashikwi upande wa magando, hushikwa kwa nyuma, basi na askari awe na uso, na anayemzunguka apate faida. Mwanzoni askari waligeuka bure, asipatikane hata mmoja wa kupigwa mgongoni, akahangaika mwezi mzima hadi alipoamua kwamba kugeuka nako kugharimu hatua moja ya zamu, na tangu hapo Yasmin, aliyekuwa akicheza kwa kumridhisha tu, akaanza kumfunga kwa kumvizia ubavuni.

Novemba 2022 mchezo ulipelekwa kwenye shindano Dar es Salaam, mwamuzi akauliza wazo la kuwapa askari uso na mgongo lilikuwa la nani, na Hashimu, mbele ya ukumbi uliojaa watu, akajibu, "Langu." Sadallah alikuwa kiti cha pili, akainamisha macho, kisha akaeleza kwa utulivu jinsi hesabu zake zilivyofanya kazi, kana kwamba anamsaidia mwenye nazo, na walipofika nyumbani akasema tu, "Ungesema letu, kaka, ningeridhika." Hashimu alimwambia asilikuze jambo, akatundika dukani picha yake mwenyewe akipokea tuzo ya shindano lile, na kila mteja aliyempongeza alimshukuru, huku Sadallah yuko palepale ameinamia simu ya mtu akilehemu.

Machi 2024 ilibainika kuwa figo za marehemu zimeshindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Hashimu ndiye aliyempeleka, wakakaa pamoja saa nyingi, kila mara Hashimu amejiandaa kuomba radhi, kila mara akaishia kuuliza kama dawa zimenywewa. Sadallah alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa sita mchana, akiwa na miaka 33, na radhi haijaombwa. Jana Hashimu aliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo jina la Sadallah Gharibu Kondo peke yake, kazi iliyomchukua dakika nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kulala msibani, mafundi wenzake wa stendi, na zaidi Yasmin, aliyemuuguza bila kuchoka. Sihaba na Mussa, wazo lile lilikuwa la baba yenu, mkiulizwa popote semeni hivyo, wala msimwonee haya baba yenu mkubwa.

Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani, Sadallah, na kaka yako anakuomba radhi, mbele ya watu wote hawa.