Malachy Hehir na Wimbo wa Lango la Akina Garrihy

Marehemu Malachy Hehir alizaliwa tarehe 9 Februari 1931 huko Carrowduff, kaunti ya Clare, mtoto wa nne wa mzee Senan na mama Delia. Mkunga alisema mtoto huyo hakulia, alilalamika.

Alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1944. Hesabu zilimshinda. Fidla yenye ufa aliyoachiwa na mjomba wake haikumshinda.

Kazi yake ilikuwa kujenga kuta za mawe, na nyingi zimesimama hadi leo, ukiacha ule alioujenga huku akipiga mluzi.

Mwezi Oktoba 1956 alitumwa kwa mzee Garrihy kuazima kondoo dume. Bawaba za lango zilikuwa na kutu, na lilipofunguka lilitoa noti tatu za muziki ambazo marehemu hakuwahi kuzisikia zikifuatana. Akalifunga, akalifungua, akalifunga tena. Baada ya robo saa alitoka Honor, binti wa nyumba ile.

“We Malachy, hilo lango limekukosea nini?”

“Nyamaza kidogo. Nimefika katikati.”

Honor aliingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya bata bukini.

“Usipake!” marehemu alipiga ukelele. “Sijamaliza!”

“Haya, njoo kesho umalizie.”

Akaja kesho, na kesho kutwa, na wiki tisa mfululizo. Kondoo alisahaulika kabisa. Mwishowe mzee Garrihy alimvuta kando. “Kijana, parokia nzima inakuona hapa kila jioni. Oa binti yangu au oa lango, lakini amua kabla ya Krismasi.”

Ndoa ilifungwa tarehe 26 Februari 1957, na wimbo wa lango lile ulipigwa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Ukaenea kaunti nzima. Mwaka 1963 alikuja mtu wa redio na mashine ya kurekodi, akauliza wimbo huo umetoka wapi.

“Nimeutunga mimi,” alijibu marehemu. “Peke yangu.”

“Peke yako?” Mama yetu, Honor, alidakia kutoka jikoni. “Nusu ya pili ni yangu! Niliimba puani nikikamua ng'ombe, wewe umesimama langoni mdomo wazi!”

Redio ilirusha vyote, wimbo na ugomvi. Tangu hapo, kila marehemu alipopiga nusu ya kwanza, Mama alikaa kimya. Ilipoingia nusu ya pili, alisimama akawainamia watu kama mwenye mali. Marehemu alifumba macho asimwone.

Mwaka 2018 alipata kiharusi kidogo, kisha mapafu yakadhoofika. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2019, akiwa kitandani nyumbani, alisema, “Honor, nusu ya pili ni yako.”

“Subiri hapo hapo,” Mama alisema. “Usife.” Akatuita watoto wote, na jirani aliyeleta maziwa. “Sema tena.”

“Ni yako,” marehemu alisema. “Na ndiyo nusu nzuri.”

Mama aliketi kando ya kitanda. Alimshika mkono hadi saa nne na dakika kumi, marehemu alipokata roho, akiwa na umri wa miaka themanini na minane.

Ameacha mjane, Bi Honor, watoto Dervla, Senan na Concepta, wajukuu saba, na wanafunzi wengi wa fidla, ambao kila mmoja anaupiga wimbo ule kwa namna yake na kuapa kwamba ndivyo alivyofundishwa.

Alale salama, Malachy wetu, na Mungu ampokee kwa sikio jema.