Dkt. Ernestina Blumer, Aliyekataa Kulifuta Neno Moja

Dkt. Ernestina Blumer, kwa jina la nyumbani Tina, alizaliwa mji wa Botoșani, Romania, tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani Marcu Haimovici na mkewe Sofia. Alipoanza shule mwaka 1958, mwenzake wa dawati alimpapasa kichwa akitafuta pembe, maana kwao aliambiwa Wayahudi wanazo. Tina aliinama atafutwe vizuri, kisha akamwuliza, "Nani kakwambia?"

Alihitimu saikolojia mjini Iași mwaka 1974. Miaka mitatu baadaye serikali ililifuta somo hilo, naye akahesabu vifungo vya nguo kiwandani hadi 1990, somo liliporudishwa naye akarudi chuoni. Mwaka 1976 aliolewa na mhandisi Beno Blumer, aliyeshindwa kila ubishi kwa furaha.

Mwaka 2009 aliwafundisha wanafunzi mia mbili historia ya mauaji ya Wayahudi, akipima chuki kabla na baada. Chuki iliongezeka kidogo. Wenzake walimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Akayachapisha majibu, na kamati za fedha za utafiti zikamnyima ruzuku miaka saba kwa sababu hiyo hiyo. Ndipo akabuni njia nyingine: kumwuliza mtu uvumi aliusikia kwa nani, na kumsikiliza bila kumbishia. Katika vijiji vitatu chuki ilipungua. Ilibaki kupima tena baada ya mwaka, ijulikane kama imerudi.

Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 2 Juni 2023 barua ya kamati ilimkuta kitandani: fedha za kupima tena zipo, ila katika ombi lake neno "Wayahudi" lifutwe, iandikwe "uvumilivu kwa jumla". Bwana Beno alimsihi atie sahihi, walau ayaone majibu.

"Beno, ulinioa ukidhani mimi mlaini?" alimjibu. "Mwenye kifua kikuu hatibiwi homa kwa jumla. Lidia, mwanangu, waandikie hivyo hivyo."

Binti yake akaandika. Marehemu alifariki tarehe 11 Juni bila kuyaona majibu. Linatuuma, na hatutajifanya halituumi.

Ameacha mume, binti yake Lidia, wajukuu wawili na mdogo wake Iancu. Apumzike kwa amani, kazi tumeipokea. Matanga ni siku saba. Siku ya nane Lidia anakwenda kupima kijiji cha kwanza kwa gari la Răileanu, mwalimu wa hapo kijijini, ambaye, na mwenyewe karuhusu tuseme, kwenye kipimo cha kwanza aliandika kwamba Myahudi asikanyage uani kwake.