Mkia Umefika: Maisha ya Mzee wa Kibanda cha Signali

Tunayemsindikiza leo alizaliwa asubuhi ya tarehe 11 Agosti 1949, mtoto wa pili na wa kiume pekee wa mshika bendera wa reli na mkewe, katika nyumba za wafanyakazi zilizopakana na yadi ya mabehewa. Zilikuwa nyumba za chumba na sebule, kuta zimeshika masizi, na kila treni ilipopita vikombe viligongana kabatini. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, anakumbuka vizuri kwamba mtoto yule alikuwa halali penye kimya. Treni ikinguruma, anasinzia. Treni ikichelewa, analia. Mama yao alikuwa akimwinua juu na kumwuliza, "Wewe nimekuzaa mimi au umezaliwa na stesheni?" Kwa hiyo wanaosema wasiwasi wake juu ya treni ulikuwa wa uzee, wasahihishe kauli yao. Alikuja nao duniani.

Baba yao ndiye aliyempa wasiwasi huo kazi ya kufanya. Zamani zile, nyuma ya behewa la mwisho la kila treni ilining'inizwa taa nyekundu. Mshika bendera akiiona ile taa, anajua treni imepita nzima. Asipoiona, maana yake kuna mabehewa yamekatika na kubaki njiani, na treni inayofuata itayavaa. Baba alimshika mwanawe mkono kando ya reli, na mtoto akisema, "Baba, imepita," baba anamjibu, "Umeona mkia? Kama hujauona, haijapita."

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1964. Hesabu za kugawanya alifundishwa na dada yake huyo huyo, ingawa ukubwani alipenda kulikana jambo hilo mbele za watu. Hakuwa mjinga darasani, ila alikuwa bingwa wa kuchelewa. Treni ya mizigo ya asubuhi ikimkuta njiani, alisimama mpaka aone taa ya mwisho. Siku moja mwalimu mkuu alimkamata mlangoni akamwuliza kwa nini wenzake waliotoka naye nyumbani wamefika yeye hajafika. Akajibu, "Walivuka kabla haijafika, mwalimu. Mimi nilingoja taa." Alipewa kazi ya kufagia uwanja, akafagia huku shingo ameielekeza relini.

Mwaka 1967 aliajiriwa na reli kama mwanafunzi wa kazi, na mwaka 1971 akakabidhiwa kibanda cha signali pale kwenye makutano ya njia. Kilikuwa chumba cha juu chenye madirisha pande zote, na ndani yake safu ya vipini vya chuma virefu kama mtu wa kimo cha kati. Ukivuta hiki, mkono wa signali unapanda. Ukivuta kile, reli inahama kutoka njia hii kwenda ile. Marehemu hakushika kipini kwa mkono mtupu hata siku moja. Alikuwa na kitambaa chake, kwa sababu jasho linatia chuma kutu. Hata ndugu zake tukienda kumpelekea chakula, tulikaa kwenye kiti tukakunja mikono kama wageni wa mahakama. Treni ikija, alijibu kengele ya kibanda cha jirani, kilichouliza kama treni ipite, kwa maneno yaleyale: "Njia iko wazi." Ila hakuyasema mpaka awe ameuona mkia wa treni iliyotangulia kwa macho yake mawili.

Mkewe alimpata kazini. Mwaka 1976 fundi cherehani, msichana mwenye ulimi wake, alipanda ngazi za kibanda kuleta bendera mpya, nyekundu na kijani. Marehemu akaikunjua ile nyekundu, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Mshono umekwenda upande."

"Treni ikiiona itasimama au haitasimama?" msichana akamwuliza.

"Itasimama."

"Basi mshono umefanya kazi yake. Na wewe fanya yako."

Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba mwaka uleule. Walijaliwa watoto watatu, wavulana wawili na kitinda mimba wa kike. Wavulana waliikimbia reli, mmoja akawa mpishi na mwingine fundi bomba. Kitinda mimba ndiye aliyerithi ugonjwa wa baba yake. Mwaka 2012 alianza kuendesha treni za mizigo, na furaha ya marehemu siku ile haikukaa peke yake. Alicheka mchana kutwa, na jioni akamwambia mkewe, "Sasa mke wangu, tumekwisha. Tutakuwa roho juu mpaka kufa."

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kustaafu. Kibanda kilifungwa mwaka 2006, vipini vikang'olewa, taa zikawa zinawashwa na kuzimwa kutoka ofisi ya mbali ambako hakuna anayeiona reli yenyewe. Akahamia kwenye benchi la mataruma ya zamani, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, pale kwenye kivuko cha reli, karibu na kibanda cha mlinzi wa geti. Hapo alikaa na wenzake wawili waliokuwa wazimu wa treni kama yeye: mwalimu mstaafu wa fizikia, na mtengeneza saa tuliyemwita Fundi Saa. Wake zao waliliita benchi lile bunge, kwa sababu maneno yalikuwa mengi na hakuna kilichojengwa.

Siku vilipoletwa vichwa vipya vya treni za mizigo, bunge lilichafuka.

"Kimoja mbele, kimoja katikati," Fundi Saa alisema, "na cha katikati hakina mtu. Cha mbele kinakiamrisha kwa redio, nacho kinatii, kama mtu na mbwa wake."

"Na mbwa akigoma?" marehemu akauliza.

"Hagomi. Ana kompyuta."

"Kompyuta ya benki inagoma ikiwa imekaa kivulini, sembuse hiyo inayotikiswa porini!"

Mwalimu akaweka miwani sawa. "Mzee mwenzangu, signali zenyewe zinaondoka nguzoni. Zinahamia ndani, kwenye kioo mbele ya dereva. Zinamwambia mwendo wake, na akizidisha, breki zinajifunga zenyewe. Binti yako yuko salama kuliko ulivyokuwa wewe."

"Na mkia?"

"Mkia una kisanduku. Kinafungwa kwenye behewa la mwisho, kinapima upepo wa breki na kumpa dereva habari kwa redio. Giza likiingia kinawaka, mchana kinazima."

"Taa inayolala mchana! Mwalimu, hiyo kawadanganye wajukuu zako."

Walicheka mpaka mlinzi wa geti akatoka kuuliza kuna nini. Marehemu alicheka kuliko wote, na lile jambo la kisanduku akaliacha palepale kwenye benchi.

Tarehe 19 Februari 2016, mchana wa jua kali, treni ndefu ya kwanza yenye kisanduku ilipita kivukoni. Binti yake alikuwa mbele, anaendesha chini ya msimamizi, akingoja kupitishwa rasmi kwa treni ndefu. Marehemu alikuwa benchini peke yake. Aliyatazama mabehewa yakipita, yakipita, hadi la mwisho. Nyuma yake hakukuwa na taa inayowaka wala kibao chekundu kinachotundikwa mchana. Aliyoyaona mbele ya macho yake ni mabehewa yaliyobaki kwenye kona, na treni nyingine inakuja nyuma kwa kasi. Mtu wa miaka sitini na sita alikimbia mpaka kibanda cha geti, akampokonya mlinzi simu, akapiga ofisi ya uongozaji: "Treni imekatika! Simamisheni kila kitu!"

Habari ya namna hiyo haibishiwi. Kila treni ilisimamishwa. Binti alishuka, akatembea juu ya kokoto za moto kuikagua treni yake behewa kwa behewa, na mwishoni akakikuta kisanduku kimetulia mahali pake kama paka anayeota jua. Hakuna kilichokatika. Abiria wa treni nyingine walikaa na njaa mpaka jioni, na kule karakana wenzake wakapata la kusema. "Dereva, leo umemuaga baba? Amekuruhusu utoke?" Wakubwa wakasitisha kumpitisha mpaka uchunguzi uishe.

Alikuja nyumbani na viatu vya kazi miguuni.

"Baba, ungenipigia mimi kwanza."

"Nikupigie ukiwa kwenye usukani?"

"Treni haina usukani, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha." Hakucheka. "Ulikuwa huniamini au ulikuwa huamini treni?"

Marehemu akamsogezea kiti na kikombe cha maji. Binti akanywa maji akiwa amesimama, akaondoka. Kuanzia siku hiyo salamu zake zilipitia kwa mama. Marehemu akaacha benchi. Treni ikipiga honi, anageukia ukuta, lakini masikio yako nje. Mkewe alimwona akihesabu kwa vidole magurudumu yanavyogonga maungio ya reli.

Dada yake alipochoka na habari hizo alimwendea.

"Utajifungia ndani mpaka lini?"

"Dada, nimemharibia mtoto kazi."

"Umemharibia siku. Kazi bado anayo, na ikiondoka itakuwa kwa sababu umekaa hapa unanuna. Vaa shati."

Alivaa. Alikwenda peke yake karakana, akakaa mbele ya wachunguzi, akawaambia kwamba aliambiwa habari za kisanduku na mtu aliyesoma, akazicheka, na kwamba kosa liandikwe kuwa lake wala lisimguse dereva. Kwa mtu mwenye kiburi cha kazi kama kaka yetu, njia ile ilikuwa ndefu. Uchunguzi ukaisha, na binti akapitishwa mwezi wa Mei.

Siku yake ya mapumziko alikuja na ruhusa ya wakubwa, akalichukua bunge zima hadi yadini. Mwalimu alijitahidi sana asiseme "nilikwambia", na mwishowe akashindwa. Binti alimshika baba yake mkono, kama babu yake alivyomshika marehemu utotoni, akauweka juu ya kile kisanduku.

"Betri ikifa?" marehemu akauliza.

"Naona kwenye kioo, nasimama."

"Na kioo kikifa?"

"Nasimama, baba."

"Na wewe ukichoka?"

"Nasimama pia. Sasa sema, utalala?"

"Sitalala," akasema. "Lakini nitalala kidogo."

Palepale wakawekeana utaratibu. Kila safari, binti akishasimama salama ndani ya stesheni ya mwisho, kabla ya kuipeleka treni yadi, atapiga simu na kusema, "Baba, mkia umefika." Naye atamjibu kama alivyokuwa akijibu kengele ya kibandani, "Njia iko wazi." Asipojibiwa, safari haijaisha. Walifanya hivyo kwa miaka. Simu hiyo hakuipokea mtu mwingine, hata mkewe. Akiwa anaoga, alitoka na sabuni.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kusumbua. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda, na daktari akamkataza mambo ya kumtia hofu. Mkewe alimwuliza daktari, "Sasa atabaki na nini?" Kitanda kilisogezwa dirishani upande wa reli. Fundi Saa na Mwalimu wakahamishia bunge chumbani, wakabishana kwa sauti ya chini, na marehemu akawaomba wabishane kwa sauti ya kawaida maana hajafa bado.

Tarehe 8 Juni mwaka huu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Signali za kwenye vioo zilipotea njia nzima, na treni zote zikasimama zilipokuwa. Binti alikuwa njiani na treni ndefu. Marehemu aliweka simu kifuani.

"Imefika?" alimwuliza mkewe.

"Bado."

"Imesimama wapi?"

"Mume wangu, ikifika atapiga."

Alasiri mvua ilipungua. Dada yake alikuwa upande mmoja wa kitanda, mkewe upande wa pili. Aliuliza tena, "Imefika?" Wakamwambia bado. Akasema, "Basi tusubiri," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Aliaga dunia macho yakiwa dirishani.

Hawajamfumba macho, simu ikalia.

Wanawake wawili walitazamana. Mkewe alinyoosha mkono, akaurudisha. Mtoto alikuwa peke yake kule mbele, na treni ndefu bado haijaingizwa yadi, haijafungwa breki. Akiambiwa sasa, ataishika vipi? Akiachwa bila jibu, atafikiri nini? Dada wa marehemu aliichukua simu ile kutoka kifuani.

"Baba, mkia umefika."

"Njia iko wazi," dada akajibu, kwa sauti aliyoweza kuipata.

Injini ilisikika ikinguruma taratibu kule upande wa pili.

"Sawa, shangazi," binti akasema.

Aliipeleka treni yadi. Alifunga breki za mkono, akakabidhi kazi kwa utaratibu, akaja nyumbani na viatu vyake vya kazi. Alikwenda moja kwa moja akakaa kitandani, akamfumba baba yake macho. Baadaye sana ndipo alisema, "Nilijua, shangazi. Ila treni ilikuwa bado iko mikononi mwangu."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na wabunge wawili wa benchi la mataruma ambao leo wameketi mbele pamoja na familia, maana ni ndugu. Mahali hapa ni karibu na reli, na treni ya mchana itapita kabla hatujatawanyika. Familia inawaomba jambo moja: mtu asigeuke mpaka behewa la mwisho liwe limepita. Kisanduku mtakiona, kimezima. Ndivyo kinavyokuwa mchana.

Kaka yetu, umepita mzima. Mkia umefika, njia iko wazi. Lala sasa, na wasiwasi tuachie sisi.