Kidole Gumba cha Jindwada

Kijiwe cha Ramzu kiko mjini Multan, pale kona ya mafundi redio, na hakina benchi ila vitanda viwili vya kamba vilivyolegea katikati, kwa hiyo anayekaa mwisho huwaangukia wenzake. Chai ya maziwa huchemka tangu alfajiri, na kadiri inavyochemka ndivyo maneno yanavyozidi uongo. Siku hiyo Zawar Hussain alikaa pembeni akizungusha ufunguo kidoleni, kama kawaida yake. Gari lenyewe, dogo, jeupe, lilikuwa limeegeshwa mbele yake chini ya kibao cha Ramzu. Alilinunua mwenyewe, akalipaka rangi mwenyewe. Tatizo lilikuwa jina.

Kijiwe kizima kilishaijua habari hiyo. Zawar alikuwa amepata kazi ya kubeba watoto wa shule, kazi yake ya kwanza ya maana tangu kiwanda cha nyuzi kifungwe, na shule ilitaka kadi ya gari yenye jina lake kabla ya Jumamosi, la sivyo kuna mwingine. Kadi ilisema Jindwada mwana wa Karim Bakhsh. Zawar hakununua kwa Jindwada. Alinunua kwa muuza matofali, naye kwa daktari wa meno, naye kwa mtu asiyekumbukwa, na wote walipokezana karatasi ileile ya mauzo iliyotiwa sahihi na Jindwada, mahali pa mnunuzi pakiwa pameachwa wazi. Zamani karatasi hiyo ilitosha. Siku hizi ofisi inataka mwenye jina aje mwenyewe, aweke kidole gumba kwenye mashine. Zawar aliifuata anwani ya kwenye kadi, akakuta duka la mikate.

Wa kwanza kuingilia alikuwa Antena, fundi mstaafu wa simu za waya, ambaye mpaka leo husikia mambo wenzake hawayasikii.

— Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wapelekee vyako vyote kumi, uone kama watakataa.

— Walishakataa.

— Basi chonga cha nta.

Akasimulia habari za mtu wa Bahawalpur aliyejichongea kidole cha mshumaa, akajiandikishia mashamba mawili, na angepata la tatu kama kidole kisingeyeyukia juu ya mashine kwa joto la mwezi wa sita. Hakuna aliyeuliza mtu huyo anaitwa nani. Kijiweni si adabu.

Wakili Nusu alikohoa. Huyu alisoma sheria mpaka mtihani wa kwanza, na sasa huuza karatasi za mihuri nje ya mahakama.

— Jindwada amekufa, alisema.

— Umejuaje?

— Asiyekuwepo na lake halipo. Hiyo ni sheria. Tunatafuta mashahidi wawili, tunamsomea dua, tunakula wali wake wa arobaini, tunachukua cheti cha kifo. Maiti haulizwi sanda, sembuse gari.

Ramzu, akimimina chai, aliwakumbusha kwamba Jindwada maana yake ni mwenye umri mrefu, na aliyepewa jina hilo na mama yake hafi kwa karatasi ya Wakili. Antena akasema kama ni hivyo basi mtu huyo hakuzaliwa kabisa, alitungwa na kompyuta.

Zawar hakucheka. Mkewe alishawatangazia majirani ile kazi.

— Na jambo moja zaidi, Wakili alisema kwa sauti ya chini. Mgeni yeyote akiulizia gari, kana. Wale watu wa ofisi hutembea na nguo za kiraia. Ukikiri tu, gari linalala kituoni.

Chai ya mwisho ilikuwa inagawiwa alipotokea mzee mmoja, kilemba kimejaa vumbi la safari. Alilizunguka gari, akasoma namba, akagusa boneti. Kisha akawasalimu, akapewa nafasi kitandani.

— Gari hili la nani, wanangu?

Macho yote yakaingia vikombeni.

— Si langu, alisema Zawar.

— Basi tuko wawili. Mimi nawaambia ofisini kila siku si langu, hawanisadiki.

Akaeleza bila haraka. Alikuwa dereva wa bwana mmoja tajiri, na bwana huyo, kwa kukwepa kodi, aliliandikisha gari kwa jina la dereva na anwani ya nyumba yake yeye bwana, ambayo siku hizi ni duka la mikate. Alipotaka kuliuza alimwonyesha dereva mahali pa kutia sahihi, naye akatia. Sasa mke wa mzee ameomba unga wa msaada, na kompyuta inasema mumewe Jindwada ana gari, na mwenye gari si maskini. Alipokwenda kulalamika, ofisi ilimpa picha ya faini iliyopigwa na kamera ya barabarani, gari likionekana vizuri na nyuma yake kibao cha chai cha Ramzu. Akapanda mabasi mawili kuja kumtafuta aliyenalo, amwombe amtolee jina lake kwenye kadi.

Mzee alikuwa anamtazama Zawar mkononi.

— Mwanangu, kama si lako, mbona ufunguo unao wewe?

Antena hakusikia kitu. Wakili alitafuta sheria, akaikosa. Ramzu aliinua birika, likatoa majani matupu.

— Nisamehe, baba, alisema Zawar. Nimekutafuta mpaka nimechoka, na umekuja mwenyewe nimekukana. Ofisi bado iko wazi. Twende.

Akamfungulia mlango wa mbele. Mzee akaupita, akafungua wa nyuma mwenyewe, akaketi katikati ya kiti na kupanga shuka lake magotini.

— Huko mbele nimekaa miaka yangu yote, alisema. Mpaka tufike ofisini, bado ni langu.

Zawar akafunga mlango, akaendesha taratibu.