Siku ya Tisa ya Baba Nirvikar

Benchi la Negi muuza chai liko ukingoni mwa mto Bhagirathi, chini kidogo ya pango la Baba Nirvikar, na alasiri ile lilikuwa na kesi ya kukata. Baba alikuwa amekaa, miguu kaikunja, siku ya tisa: hapumui, hanuki, inzi hamtui. Kama amekufa, azikwe saa kumi, hivyo hivyo kwa kukaa, kama wazikwavyo watawa. Kama yumo katika samadhi, ule utulivu wa mwisho wa yoga, tungemzika mtu hai.

Semwal, karani mstaafu tuliyemwita Mihuri, ndiye aliyeanza.

— Huyu alikufa miaka ishirini iliyopita. Siku aliyoingia utawa alijifanyia mazishi mwenyewe, nikagonga muhuri. Serikali haiui mtu mara mbili.

— Na cheti cha leo? — aliuliza Koleo, mchimba kaburi.

— Hakuna. Kisheria tunazika hewa.

Panwar, tabibu wa mbuzi, alisonya.

— Nilimwekea kioo puani. Hakikupata ukungu. Nimefika hapa, kimepata.

— Ukungu wa mto huo! — alidakia Mihuri.

— Kilikuwa mfukoni, bwana we!

— Yoga inasema mtazamaji si kinachotazamwa, — alisema Mihuri. — Mwili ni nyumba. Mwenyewe keshahama, kakombolewa.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — alisema Koleo, kama anayesoma msahafu. — Ila jana shimo nililiacha la kiuno. Leo limenifika kifuani.

— Basi jembe kalishika Baba mwenyewe, — alinong'ona Panwar.



Basi la Haridwar likamshusha mwanamke mmoja, mfuko begani. Ni Hemlata, binti yake Baba, aliyeachwa akiwa na miaka sita. Alitusikiliza amesimama.

— Mmemwuliza?

— Nini, dada?

— Kama amekufa.

Mihuri akaanza kupapasa mfuko kama anayetafuta fomu. Hemlata akapanda pangoni; Koleo akamfuata, hatua kumi nyuma.

— Baba? — tulimsikia. — Tukuzike?

Mto ulinyamaza, au ni masikio yetu. Kisha sauti ya Hemlata tena, nyembamba, ya kitoto:

— Sawa, baba.

Koleo alishuka mbio, rangi imemtoka.

— Kamjibu? — tulimwuliza.

— Mimi sikusikia kitu. Dada anasema twendeni tumshushe shimoni. Ila taratibu, mguu wa Baba wa kushoto umekufa ganzi.