Papa Hippolyte Kyungu, Mpiga Picha wa Kuta za Kalemie

Wazazi, ndugu na majirani, anayewasomea ni Augustin, mdogo wa marehemu, mchoraji wa kuta. Familia ndiyo imenituma. Wangejua nitakayosema, labda wangemtuma mwingine.

Papa Hippolyte alizaliwa hapa Kalemie tarehe 14 Agosti 1971, mtoto wa kwanza wa Papa Didier Kyungu, mfanyakazi wa reli, na Mama Thérèse, mzaliwa wa Kirungu. Alisoma hapa hapa mjini na kupata diploma mwaka 1990. Siku hiyo Papa yetu alimpa aparei ya kupiga picha, aliyoachiwa na injinia mmoja aliyerudi kwao. Mimi nilipewa makopo mawili ya rangi iliyobaki baada ya kupaka mabehewa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nililia kabisa.

Alianza kazi kwa picha za vitambulisho na arusi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye majengo: stesheni ya zamani, nyumba za reli zenye baraza pana, maghala ya bandari. Baadaye akahamia kwenye kuta zilizochorwa, za baa, za saluni, za shule. Nyingi nilizichora mimi. Watu walizipita miaka na miaka wakienda sokoni bila kugeuza shingo. Kaka akizipiga picha, wale wale wanamwambia ana jicho. Jicho lake, sawa. Na mkono ni wa nani? Mwaka 2019 picha zake kumi na mbili zilitundikwa kwenye maonyesho huko Lubumbashi, na saba zilikuwa za kuta zangu. Aliandika jina langu chini ya kila moja, siwezi kumsingizia, lakini nani husoma maandishi madogo? Wivu ulinila. Nasema hivi mbele ya jeneza lake.

Tarehe 22 Julai 2000 alifunga ndoa na Mama Virginie. Msafara wa arusi ulisimama dakika ishirini mbele ya stesheni, kwa sababu bwana arusi aliona kivuli kimeangukia vizuri ukutani. Bibi arusi ndiye aliyemshikia koti. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka 2022 nilichora ukuta wa ghala moja huko Lubuye: mama anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, mita kumi na mbili, kazi ya wiki tano. Kaka aliniambia angekuja Jumamosi saa moja asubuhi, mwanga ukiwa umefika. Ijumaa nikanunua chokaa, nikaufuta wote. Nilitaka kitu kimoja tu katika mji huu ambacho watu wakione kwa macho yao wenyewe au wakikose. Alifika, akakuta weupe, na mimi nimeshika burashi.

“Augustin, huu njo ulikuwa ukuta wako muzuri kupita zote,” alisema. Akaniomba nisogee pembeni, akaupiga picha mweupe vile vile. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo nalo lilinichoma.

Juni 2024 aliugua figo. Nilipomtembelea hospitalini aliniambia, “Chora tena ule ukuta wa Lubuye. Nikitoka hapa, nitakuja kuupiga.” Nilimjibu kwamba sina rangi. Rangi nilikuwa nayo, makopo sita, chini ya kitanda. Niliogopa atoke, aupige, na mji mzima usifu jicho lake tena. Hakutoka. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa tisa mchana.

Tulipotafuta picha ya kuweka kwenye programu hii ya mazishi, hatukupata. Maisha yake yote alisimama nyuma ya aparei. Iliyokuwepo moja tu ni ya karte ya kupigia kura, na macho amefumba. Binti yake Mireille akaikataa. Basi nikatoa yale makopo sita, nikamchora kwenye ukuta wa nyumba yake, Jumanne na Jumatano. Mchoro huo ndio mnaouona ukurasa wa kwanza. Tangu jana mnajipanga mbele yake na simu zenu, na mnaniambia nina mkono. Miaka thelathini nimesubiri neno hilo. Lakini mlinionyesha picha zenu. Mnakuja saa sita mchana, kivuli cha bati kinamkata uso. Yeye angekuja saa moja asubuhi, angeniambia nisogee pembeni.

Ameacha mjane, Mama Virginie, watoto watatu, Chancelle, Serge na Mireille, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja. Ameacha pia ukuta mweupe huko Lubuye. Nitaanza kuuchora Jumatatu, na hakuna wa kuupiga.

Kaka Hippolyte apumzike kwa amani. Mwanga wa milele umuangazie, yeye aliyejua kuusubiri.