Wiebe Terpstra na Michoro Aliyokataa Kuifungia

Wiebe Terpstra alizaliwa katika mji wa bandari wa Harlingen tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi meli Douwe na mkewe Antje. Shule ya ufundi ya Leeuwarden ilimfukuza baada ya yeye kumvunja pua kijana aliyempiga mdogo wake, Harmen. Baba alikwenda kumwombea msamaha, naye Wiebe akarudishwa shuleni, akamaliza mwaka 1979.

Alitengeneza televisheni mjini Groningen kwa miaka mingi. Mwaka 2008, katika karakana ya pamoja, alianza kugeuza skrini kuukuu kuwa za kugusa: fremu ya mbao yenye taa ambazo jicho halizioni, kidole kikikatiza mwanga, kompyuta inajua kimegusa wapi. Shule za watoto wenye ulemavu zilizoshindwa bei ya dukani zilijiundia kwa michoro yake. Kila mchoro alioumaliza aliuweka mtandaoni siku hiyohiyo, bure, hata alipokosea.

Alimwoa Fenna mwaka 1988. Kwenye picha ya harusi jicho moja la Wiebe limevimba. Alikuwa amepigana na mgeni aliyemkejeli mama mkwe. Fenna alisema, "Afadhali nimejua mapema naolewa na nani."

Tarehe 4 Novemba 2019 Harmen, mshirika wake kazini, alimletea habari za mnunuzi wa fremu yao mpya. Sharti lilikuwa moja: wapate kwanza hataza, haki ya kisheria ya kuwa wao pekee wenye ruhusa ya kuiunda na kuiuza, na hataza haitolewi kwa kitu kilichokwisha kuonyeshwa watu.

"Kaka, usiipandishe mtandaoni mpaka Ijumaa. Nakuomba."

"Nimeshaipandisha asubuhi."

"Umenimaliza, Wiebe. Nina nyumba inapigwa mnada."

"Njoo ukae kwangu. Ile ni ya watu, siirudishi."

Harmen aliokota bomba la chuma, akavunja skrini moja baada ya nyingine, vioo vikimchana uso. Wiebe, aliyekuwa mwepesi wa ngumi kwa kila mtu, hakuinua mkono. Alisimama mbele ya skrini ya mwisho, ya msichana wa mji wa Assen anayeandika kwa kiwiko. Bomba lilimpata kichwani mara mbili. Harmen ndiye aliyepiga simu kuita gari la wagonjwa, akakaa kwenye damu amempakata. Wiebe alifariki hospitalini tarehe 9 bila kuzinduka.

Ameacha mjane, Fenna, binti, Tjitske, dada, Jeltje, anayesoma maneno haya hapa mazishini, na mdogo wake, Harmen, aliye rumande. Harmen aliomba jina lake lisisomwe. Fenna alilia usiku kucha, kisha akaliandika kwa mkono wake, kwa kuwa Wiebe asingekubali liachwe.

Pumzika, kaka yetu. Umepigana vya kutosha.